Hilo Usiliandike

Mlinzi wa lango la ofisi yetu alinidai kitambulisho kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Alinijua vizuri. Alijua kwamba goti langu la kushoto linauma siku za baridi, na barua ya kumwombea mwanawe nafasi shuleni niliiandika mimi, kwa mkono wangu, wakati wa mapumziko ya mchana. Lakini kila asubuhi kiganja chake kilikuwa wazi mbele yangu. Wenzangu walipita wakimpungia, mimi nikisimama nafukua mkoba. Alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akalinganisha, kisha akanirudishia na kuniuliza goti linaendeleaje.

Sisi watu wa rangi iliyokolea ni wachache katika mji huu, na katika jengo lile la mamlaka ya maji tulikuwa wachache zaidi: mimi, Injinia wa mitambo, na akina mama wawili wa usafi. Ukituweka pamoja hatujazi lifti. Wageni walipofika ghorofa ya nne na kunikuta nimekaa mezani kwangu, koti limenyooka na miwani puani, waliniuliza katibu yuko wapi. Nikiwaambia ndiye mimi, walitabasamu kupita kiasi. Mmoja aliwahi kunikabidhi kikombe kichafu. Nilikipokea, nikakiosha, nikamrudishia kikiwa na ajenda ya kikao imekunjwa ndani yake.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Kikaoni niliandika kwa hatimkato, ule mwandiko wa vijistari na vitone tuliofundishwa chuoni zamani ili mkono uweze kuufuata ulimi. Siku hizi haufundishwi tena chuo chochote, kila mtu ana simu ya kurekodi, ila wakubwa hawapendi kurekodiwa. Kwa hiyo walinipenda mimi. Daftari langu lilinasa kila neno. Kisha nilikwenda kwenye kompyuta, nikapiga chapa kumbukumbu safi, zikasomwa kikao kinachofuata, zikathibitishwa, Mkurugenzi akatia sahihi na mimi nikatia yangu. Baada ya hapo daftari lilitakiwa kuingia kwenye mashine ya kukatakata karatasi, na kulikuwa na fomu ya kujaza kwamba limeharibiwa.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa utani. Sauti ya upole, pipi mfukoni za kugawia watu, anakumbuka nani anauguliwa. Usingemwita mtu mbaya, na yeye mwenyewe hakujiita hivyo. Injinia akichelewa dakika mbili, Mkurugenzi alisema, "Washeni taa, Injinia ameingia." Meza nzima ikaangua kicheko, na Injinia naye akacheka, maana ungefanyaje? Kisha Mkurugenzi alinigeukia mimi, akainua kidole na kusema kwa upole, "Hilo usiliandike."

Nami sikuliandika. Niliandika: "Mhandisi wa mitambo aliwasili na wajumbe walimkaribisha kwa furaha." Mama wa fedha akisema watu wa kwetu wamejaliwa mabega lakini hesabu zinawapiga chenga, niliandika kwamba mjumbe alishauri mafunzo zaidi kazini. Mkuu wa utumishi akisema wakituongeza wawili jengo litaanza kunuka, niliandika kwamba suala la hewa ya ofisi liangaliwe, na kweli mwezi uliofuata wakaleta feni mpya. Mwaka wa kwanza aliniambia nisiandike. Mwaka wa pili alinitazama tu. Kufikia mwaka wa tatu hakuhitaji hata kunitazama.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Wahenga hawakunijua mimi. Nilikuwa fundi wa ubani. Nilichukua uozo wa saa mbili nikautoa kurasa tatu zinazonukia, na baada ya kusomwa Mkurugenzi alisema mbele ya wote, "Kwa mtu wa kwenu, unaandika vizuri sana." Aibu yangu kubwa, na nitaisema hapahapa ili nisije nikaiacha njiani, ni kwamba nilifurahi. Nilitembea hadi kituoni nikiwa nimeshikilia zile sifa kama mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani mama yangu alikuwa akinisubiri. Alisafisha maofisi ya watu miaka thelathini, hajui kusoma, lakini mtu akifungua mlango tu anajua ameamka na roho gani. Kila jioni alikuwa na swali moja, kabla hata sijavua viatu: "Wamekusemaje leo?" Na mimi kila jioni nilimjibu, "Vizuri, mama." Zilikuwa kumbukumbu safi pia zile.

Jambo moja tu sikulitimiza. Fomu za kuharibu madaftari nilizijaza zote na kutia sahihi zote. Madaftari yenyewe nilikuja nayo nyumbani, nikayaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilitaka tu pawepo mahali pamoja duniani ambapo yale maneno yapo kama yalivyosemwa.

Basi ikaja Jumatatu ya kumteua meneja wa mitambo. Injinia alikuwa amekaimu nafasi hiyo miaka mitatu. Bomba kubwa lilipopasuka na nusu ya mji kukaa bila maji, yeye ndiye aliyeingia kwenye tope hadi kifuani, wakati wengine wakisimama juu wakipiga picha. Walioomba walikuwa wawili, yeye na mwenzake mmoja ambaye Injinia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma geji. Huyo mwenzake hakuwa na sifa ya kumshinda, ila akiingia chumbani hahitaji kuwashiwa taa.

Injinia aliombwa atoke nje kwa kuwa jambo linamhusu. Alitoka, akafunga mlango taratibu. Mkurugenzi alimenya pipi, akaitia mdomoni, akasema maneno haya, ambayo daftari langu liliyanasa yote: "Jamani, tukimpa huyu mitambo, kesho tutakuta ukoo mzima wa nyani umehamia juu ya matangi, unaning'inia. Mtu wa rangi ile unampa maji ya kunywa ya watu?" Walicheka mpaka mama wa fedha akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na rangi yangu ni ileile. Hakuna aliyekumbuka. Hawakunichukia hata kidogo, ila kwao mimi nilikuwa kifaa cha mezani, kama lile jagi la maji.

Nikaandika: "Baada ya mjadala mfupi wa kirafiki, ilikubaliwa kwamba nafasi ipewe mwombaji mwenye ufaafu zaidi."

Injinia alipewa barua ya kushukuru na ya pili ya kuhamishiwa stoo ya mabomba. Akaenda kulalamika kwenye baraza la malalamiko ya kazi. Baraza likamwambia alete ushahidi kwamba alinyimwa kwa sababu ya rangi yake, la sivyo malalamiko yatatupwa na stoo ataihamia. Akaomba kumbukumbu za kikao, akapewa, kwa kuwa hazikuwa na kitu cha kuficha.

Jumamosi alikuja kwangu. Mama alimkaribisha kiti kizuri, akaniletea mimi kigoda. Injinia alizitoa zile karatasi kwenye bahasha, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Hakuwa na hasira, na ndicho kilichoniumiza.

"Dada," alisema, "huu mjadala mfupi wa kirafiki ulikuwa upi?"

Nilijitia hamnazo. Nilimwambia vikao ni vingi, siwezi kukumbuka kila kimoja. Akaniambia hana mwingine wa kumuuliza, kwamba wote waliokuwa mle ndani wamemwapia hakuna kilichosemwa, na wote wanamwonyesha sahihi yangu. Sahihi yangu ndiyo iliyokuwa ngao yao. Mtu wa kwao ameandika hivi, walisema, kama kungekuwa na baya angeliandika yeye wa kwanza. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama muda wote alikuwa akikunja nguo. Akasimama, akaingia chumbani, tukasikia bati likikwaruza sakafu. Alirudi akiliburuta sanduku kwa mikono miwili, akaliacha katikati yetu.

"Miaka yote nakuuliza wamekusemaje, unaniambia vizuri," alisema. "Sasa mwambie na mwenzako vizuri."

Nililifungua. Nikatafuta daftari la Jumatatu ile, nikamsomea. Injinia alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipofika kwenye matangi, mama alikaa chini. Hakusema pole. Kwetu husemwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na alikuwa na haki yake. Nilimwahidi Injinia kwamba nitakwenda barazani nikayasome kama yalivyo. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, na wote watatu tulilijua hilo bila kulitaja.

Baraza lilikaa kwenye chumba chenye zulia lililochakaa na saa ya ukutani iliyosimama saa nne. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kikohozi. Upande wa waajiri kulikuwa na wakili wao. Na pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa karani wa baraza, na nilipomwona moyo ulitulia: alikuwa mtu wa kwetu. Rangi yangu, umri unaokaribia wangu, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Aliinua macho, tukasalimiana bila kufungua midomo, kama tunavyosalimiana sisi kwenye vyumba vya namna ile. Nikasema moyoni, leo kuna mkono utakaoandika.

Nilisimama nikasoma. Nilianza na zile kauli za taa, nikaja za mabega na za harufu, ili ieleweke kwamba ile Jumatatu ilikuwa na mama na bibi. Wakili aliniacha nimalize nusu, kisha akainuka akiwa ameshika karatasi tatu. Aliniuliza kama hii ni sahihi yangu chini ya kumbukumbu rasmi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama hii nyingine ni sahihi yangu kwenye fomu inayosema daftari hili limeharibiwa. Nikasema ndiyo. Akalitazama daftari mkononi mwangu, akaitazama fomu, bila haraka.

"Sasa mama, utusaidie," alisema. "Ulidanganya ulipoandika kumbukumbu, ukadanganya ulipojaza fomu, na leo ndiyo umeanza kusema kweli?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, ni hivyo hasa. Watu wawili walicheka nyuma. Akaomba baraza lilione daftari. Mwenyekiti aligeuza kurasa, akalipindua chini juu, akauliza nani mwingine anaweza kusoma hivi. Hakukuwepo. Mwalimu wangu wa hatimkato amekufa, na wenzangu wa darasa sijui walipo. Wakili akasema hivi ni vijistari tu, naweza kukaa pale nikasoma hata hadithi ya sungura na fisi na hakuna wa kunibishia. Daftari likakataliwa kuingizwa kwenye ushahidi. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alifungua kumbukumbu za mwaka uliopita akasoma: "Wajumbe wote walicheka." Akamgeukia Injinia, akamuuliza kama naye ni mjumbe. Injinia akasema ndiyo. Wakili akakaa chini.

Neno "wote" niliweka mimi. Lilinogesha sentensi.

Nilimwomba Mwenyekiti nimalizie ukurasa mmoja uliobaki, wa Jumatatu. Kama daftari halipokewi, mdomo wangu upokewe, mimi ni shahidi aliyekuwepo. Akaruhusu, akamwomba Injinia asubiri nje. Nilipiga moyo konde nikayasema yote, ukoo, nyani, matangi, maji ya kunywa ya watu. Niliyasema kwa sauti ileile ya upole aliyoyasemea Mkurugenzi.

Nikamtazama karani. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

Mwenyekiti alionekana kuumia, simwonei. Alivua miwani akaifuta. Akasema ameelewa, inatosha, na maneno kama yale hayafai kukaa kwenye jalada la baraza. Akainua kidole kuelekea meza ndogo. "Hilo usiliandike neno kwa neno, karani. Andika kiini chake." Kisha akatangaza kwamba uamuzi utatolewa baada ya wiki mbili, na utatokana na maandishi yaliyomo kwenye jalada, basi. Watu wakaanza kukusanya mikoba.

Mashahidi hutakiwa kusaini maelezo yao kabla ya kuondoka. Nilisubiri kwenye benchi mpaka chumba kikabaki na sisi wawili. Karani alipiga chapa haraka, vidole vinajua njia, akatoa karatasi moja akaniletea kwa mikono miwili kama mtu anayemheshimu mkubwa wake. Nilisoma. Utangulizi, jina langu, cheo, miaka ya kazi. Kisha: "Shahidi alieleza kwamba katika mjadala uliotangulia uteuzi, baadhi ya wajumbe walitoa maoni yasiyo ya staha."

Ilikuwa sentensi nzuri. Hakuna neno lililozidi. Ningeiandika hivyohivyo, tena nadhani niliwahi.

"Ulisikia nilichosema," nilimwambia.

"Nilisikia, Dada."

"Na maoni yasiyo ya staha ndiyo hayo?"

Alitazama mlangoni kwanza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mwenyekiti ameagiza kiini, kwamba yeye hapewi nafasi ya kuchagua, kwamba ana miaka tisa ya kazi mbele yake na watoto watatu shuleni. Akaniambia pia, na hapa sauti yake iliyumba, kwamba nisiposaini maelezo yangu yanafutwa yote, Injinia atabaki bila shahidi hata wa nusu. Nilimuuliza usiku analalaje. Nilijua kwamba naye ana sanduku mahali fulani, au alikuwa nalo akalichoma.

Nilitamani kumtukana. Nilikuwa na matusi ya miaka kumi na moja, yote ya daraja la kwanza, yameandikwa na tarehe. Lakini nilipomtazama vile alivyoshika kalamu, kidole gumba kimejikunja ndani, niliuona mkono wangu. Nikachukua kalamu nikatia sahihi, ileile iliyo chini ya kumbukumbu zote.

"Unaandika vizuri sana," nilimwambia, nikimrudishia karatasi.

Aliinamisha kichwa. Nadhani alishaambiwa hivyo mara nyingi.

Injinia alikuwa ukumbini, amesimama karibu na dirisha, tai ameilegeza. Aliniona akanyooka. Aliniuliza kama nimesema yote mpaka ule ukurasa wa mwisho, maana yeye walimtoa nje kabla, kwa kuwa jambo linamhusu. Nikasema nimesema yote, hata nukta sikuiacha.

"Wameandika?"

Jibu la kumtuliza lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limepigwa pasi, kama yale ya kila jioni. Nikalimeza.

"Hawakuandika, mdogo wangu," nilisema. "Wameweka maoni yasiyo ya staha. Na mimi nimetia sahihi."

Aliikaza tai yake. Kisha akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha kikaoni, kifupi, cha mtu anayewasaidia wenzake wasione haya. Sikuwa nimewahi kukisikia kwa karibu hivyo, kwa sababu kila alipocheka mimi nilikuwa nimeinama naandika.